Ufadhili wa masomo ya chuo: bahasha iwe tayari kabla dirisha halijafunguliwa

Kila ifikapo Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu ya studio haitulii. Mzazi wa Liwale anauliza kama ni kweli serikali inasomesha bure waliopata daraja la kwanza. Kijana wa Tandahimba ametumiwa meseji kwamba amepata nafasi ya kusoma Kanada, atume Sh 50,000 ya kufungulia faili. Binti wa Nachingwea amefaulu vizuri, lakini cheti chake cha kuzaliwa kina jina moja na cheti cha shule kina jingine, na zimebaki siku sita dirisha la maombi lifungwe.

Makala hii inajibu maswali hayo kwa pamoja, ili mzazi na mwanafunzi waisome wakiwa wamekaa jamvi moja. Jambo kubwa tunalotaka ulishike ni hili: wengi wa vijana wetu wa vijijini wanaokosa fedha za chuo hawakosi kwa sababu ya alama. Wanakosa kwa sababu karatasi hazikuwa tayari. Na karatasi ni jambo ambalo familia inaweza kulimaliza nyumbani, miezi kadhaa kabla.

Mkopo si ufadhili

Tuanze kwa kutenganisha maneno, maana yakichanganywa huleta ugomvi baadaye.

Mkopo ni fedha utakayorudisha. Kwa vyuo vya elimu ya juu, mkopo wa serikali hutolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo wengi tunaiita Bodi ya Mikopo au HESLB. Bodi hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Ukishamaliza chuo na kuajiriwa, unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikilalamikiwa sana, ilifutwa mwaka 2021. Kwa hiyo msikilizaji usiuogope mkopo, ila ujue ni deni.

Ufadhili ni fedha usiyorudisha. Anayetoa anaweza kuwa serikali yetu, serikali ya nchi nyingine, chuo chenyewe, benki au taasisi. Upo ufadhili kamili, unaolipa ada, chakula, malazi na vitabu, na upo wa sehemu, kwa mfano punguzo la nusu ya ada. Ukiambiwa mtoto amepata ufadhili, swali la kwanza liwe: unalipa nini, na nini kinabaki kwetu?

Milango ya hapa nchini

*Samia Scholarship.* Huu ni ufadhili wa serikali ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, ambapo zilitengwa Sh bilioni 3. Unawalenga waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa kidato cha sita katika masomo ya sayansi, na ambao wamechaguliwa kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba. Hapa ndipo jibu la mzazi wetu wa Liwale lilipo: daraja la kwanza peke yake halitoshi. Wanaochukuliwa ni wale wa juu kabisa kitaifa, na majina ya wenye sifa hutangazwa. Aliyepata daraja la kwanza na jina lake halimo, aende kwenye mkopo mapema, asisubiri.

*Mkopo wa Bodi.* Huu ndio mlango mpana kuliko yote. Maombi hufanyika kwa mtandao, na ada ya maombi imekuwa Sh 30,000, inayolipwa kwa namba ya malipo ambayo mfumo wenyewe unakupa. Mwombaji asizidi umri wa miaka 35. Bodi huangalia uhitaji: yatima, mwenye ulemavu au mtoto wa mzazi mwenye ulemavu, anayetoka kaya ya TASAF, na aliyelipiwa shule na wafadhili kwa sababu kwao hawana uwezo. Huangalia pia kozi unayokwenda kusoma. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024, mkopo unatolewa hata kwa stashahada za fani kadhaa za kipaumbele, kama afya, ualimu wa sayansi, uchukuzi, nishati, madini, kilimo na mifugo. Kwa hiyo aliyeishia kidato cha nne akaenda chuo cha kati naye asijione yuko nje.

*Mfuko wa Benki Kuu.* Benki Kuu ya Tanzania ina mfuko wa ufadhili uliopewa jina la Mwalimu Julius Nyerere, kwa wanafunzi wenye ufaulu wa juu wanaosoma mambo kama hisabati, sayansi, uchumi na uhasibu. Nafasi zake ni chache, na tangazo hutoka kwenye tovuti ya benki hiyo na magazetini.

*Wanasayansi Chipukizi.* Huu ni mlango unaofunguka mtoto akiwa bado sekondari. Shindano la Young Scientists Tanzania lilianzishwa mwaka 2011. Wanafunzi hufanya utafiti mdogo wa kisayansi shuleni, na washindi wamekuwa wakipata ufadhili wa chuo kikuu kutoka taasisi ya Karimjee Jivanjee. Mwalimu wa sayansi unayesoma hapa, uliza fomu kwa ajili ya shule yako.

*Chuo chenyewe.* Baadhi ya vyuo, hasa vya binafsi, hutoa punguzo la ada kwa waliofaulu vizuri, na havitangazi sana. Ukishapata barua ya kukubaliwa, piga simu ofisi ya mshauri wa wanafunzi, uulize. Kuuliza hakukatwi ada.

Wasikilizaji wetu wenye asili ya Zanzibar wana bodi yao, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, yenye utaratibu wake.

Milango ya nje ya nchi

Serikali za nchi kadhaa, zikiwemo China na India, hutoa nafasi za masomo kwa Watanzania. Matangazo mengi hupitia Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, na yanawekwa kwenye tovuti ya wizara. Ukiona tangazo limesambazwa WhatsApp, nenda kalitafute huko kwanza kabla ya kuliamini.

Upo pia mpango wa Mastercard Foundation, ulioanza mwaka 2012, unaofanya kazi na vyuo mbalimbali vya Afrika, vikiwemo Ashesi cha Ghana na vyuo vikuu vya Pretoria na Cape Town vya Afrika Kusini. Kila chuo kina sifa zake na tarehe zake, na maombi hufanyika kwenye tovuti ya chuo husika. Mpango huu huangalia mambo matatu: ufaulu, hali ya kwenu, na ulichowahi kuifanyia jamii yako.

Anayelenga nje ajipange na pasipoti. Pasipoti ya kawaida ni Sh 150,000, na Uhamiaji watakuuliza cheti cha kuzaliwa na kitambulisho au namba ya NIDA. Nafasi nyingi za nje humtaka mwombaji awe na pasipoti siku ya kuomba, si siku ya kusafiri.

Bahasha ya kaki: kilichomo ndani

Nunua bahasha moja ngumu, iandike jina la mtoto, itunze mahali pasipofikiwa na mchwa wala mvua. Ndani yake ziwemo karatasi hizi:

1. Cheti cha kuzaliwa, kilichohakikiwa na RITA. Uhakiki hufanyika kwa mtandao na huchukua siku kadhaa, na msimu wa maombi foleni huwa ndefu. Fanya mapema.
2. Cheti cha kifo, kama mzazi mmoja au wote wamefariki, nacho kihakikiwe. Hapa familia nyingi hukwama: zina kibali cha mazishi na zinadhani kinatosha. Hakitoshi. Kafuateni cheti chenyewe katika ofisi ya wilaya.
3. Namba ya mtihani ya kidato cha nne na cha sita, pamoja na vyeti au taarifa za matokeo.
4. Namba ya kaya ya TASAF, kama mmo kwenye mpango.
5. Fomu ya ulemavu iliyothibitishwa na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa, kwa wanaohusika.
6. Barua ya taasisi iliyokulipia sekondari, kama ulilipiwa.
7. Nakala ya kitambulisho cha mdhamini. Mdhamini awe mtu anayepatikana, si mjomba aliye machimboni asiyepokea simu.
8. Picha ndogo za pasipoti za karibuni, na fotokopi tatu za kila karatasi.

Mkishaskani stesheneri, mwambie kijana wa pale akutumie pia kwa WhatsApp au barua pepe. Karatasi ikilowa, nakala ibaki kwenye simu. Na barua pepe iwe ya mwanafunzi mwenyewe. Tumesikia kisa cha kijana aliyefunguliwa akaunti kwa barua pepe ya mwenye duka, duka likahama, na yeye akabaki hajui nywila yake.

Majina: herufi moja inaweza kukugharimu mwaka

Hili nalisema kwa uchungu kidogo, kwa sababu lilinipata mimi.

Nilipomaliza kidato cha sita, cheti changu cha kuzaliwa kilikuwa na jina la babu mzaa baba. Shuleni nilikuwa naitwa kwa jina la baba mdogo aliyenilea, kwa sababu ndiye aliyenipeleka kuandikishwa darasa la kwanza. Nyumbani hakuna aliyeona kasoro, maana kwetu wote ni baba. Nimegundua nikiwa stesheneri, wiki ya mwisho. Nikapanda gari kwenda wilayani, nikarudi, nikaenda tena. Karatasi ya kurekebisha ilipokamilika, dirisha lilikuwa limeshafungwa. Hakuna ofisi niliyoilaumu, kosa lilikuwa letu la miaka kumi na mitatu.

Mwaka uliofuata baba mdogo akauza korosho, akanilipia kozi ya cheti ya utangazaji. Naipenda kazi hii. Lakini alama za kwenda chuo kikuu nilikuwa nazo, na bado ninazo kabatini.

Kwa hiyo fanya hivi leo. Weka mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na kitambulisho cha NIDA kama kipo. Soma herufi moja moja. Hamis na Hamisi si jina moja kwenye kompyuta. Mwanahawa na Mwanaawa si jina moja. Angalia na tarehe ya kuzaliwa. Ukikuta tofauti, njia zipo: kosa dogo kwenye cheti cha kuzaliwa hurekebishwa kupitia RITA, ambao wilayani hupatikana kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Tofauti ya majina hutolewa maelezo kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu, na pengine kwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Uliza kwanza ofisi inayotoa fedha inataka hati ipi, usije ukalipia isiyotakiwa.

Kalenda ya familia ya mkulima

Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, matokeo hutoka Julai. Dirisha la mkopo kwa miaka ya karibuni limekuwa likifunguliwa Juni au Julai na kudumu miezi miwili hadi mitatu. Maombi ya chuo nayo yanaangukia humo humo, na huko kila chuo kinataka ada yake ya maombi.

Hesabu ya kwetu kusini ni kwamba fedha ya korosho haijafika. Minada inaanza Oktoba, wakati maombi yameshapita. Fedha iliyopo kipindi hicho ni ya ufuta. Basi mkikaa kugawa malipo ya ufuta, toeni kwanza Sh 30,000 ya Bodi, ada ya maombi ya chuo, na nauli ya safari mbili za wilayani. Mabati yatasubiri.

Jambo la pili ni JKT. Wahitimu wengi wa kidato cha sita huitwa kambini kwa mujibu wa sheria kwa miezi mitatu, kuanzia karibu na Juni. Maana yake dirisha linafunguliwa mtoto akiwa kambini. Kwa hiyo kabla hajaondoka mkabidhiane bahasha. Mkubaliane nani atampelekea fomu mtendaji wa kijiji na wakili kwa ajili ya saini na mihuri, na nani atapakia kurasa zilizosainiwa kwenye mfumo. Ombi lililojazwa lote bila kupakia kurasa hizo halijakamilika, hata kama fedha imelipwa.

Barua ya kuomba: usilie, eleza

Mkopo wa Bodi hauhitaji insha, lakini ufadhili mwingine unahitaji barua ya kujieleza. Wengi huandika hivi: "Mimi ni mtoto wa familia maskini sana, nawaombeni mnisaidie, Mungu atawalipa." Anayesoma barua hizo ana mia tano za namna hiyo.

Linganisha na hii: "Mama yangu analima ekari mbili za ufuta na anatulea watoto watano. Nikiwa kidato cha tatu shule haikuwa na mwalimu wa fizikia kwa mihula miwili. Tuliunda kundi la watu sita, tukawa tunasoma kwa vitabu jioni. Wanne kati yetu tulifaulu fizikia." Haijataja neno umaskini, lakini msomaji ameuona, na ameona pia mtu wa kumwekea fedha.

Andika kwanza kwa Kiswahili, useme mambo yako yote. Kisha ugeuze kwa Kiingereza, kama ndiyo lugha waliyoitaka, na umpe mwalimu asahihishe sarufi, siyo maisha yako. Usinunue barua iliyoandikwa tayari. Wasomaji wanazitambua, na ukiitwa kwenye usaili utaulizwa mambo usiyoyajua.

Barua ya mapendekezo muombe mwalimu anayekufahamu kweli, wiki tatu kabla, na umwandikie pembeni mambo mawili matatu ya kumkumbusha. Mwalimu wa darasa anayekukumbuka ni bora kuliko mheshimiwa asiyejua hata sura yako.

Matapeli

Kijana wetu wa Tandahimba hakupata nafasi ya Kanada. Hakuwa hata ameomba. Hiyo ndiyo alama ya kwanza: huwezi kushinda usichoomba. Alama nyingine ni hizi:

- Unaambiwa utume fedha kwenye namba ya mtu binafsi. Malipo ya serikali hupita kwenye namba ya malipo, na ukiingiza namba hiyo kabla ya kuthibitisha unaona jina la taasisi.
- Unaambiwa ulipe "ada ya kuchakata" ili upewe ufadhili. Mfadhili wa kweli hauzi ufadhili.
- Unaharakishwa: "nafasi mbili tu, lipa kabla ya saa kumi."
- Anakuomba nywila au namba ya siri ya simu.
- Tovuti ina jina linalofanana na la serikali, lakini haimalizikii na go.tz. Vyuo vya hapa nchini navyo humalizikia na ac.tz.

Na yule anayesema ana mtu wake ndani ya ofisi, mwambie akusalimie.

Mnayotuuliza zaidi

*Sina simu kubwa, nitaombaje?* Tumia stesheneri au maktaba ya wilaya, au omba msaada shuleni ulikosoma. Ila kaa pembeni ya anayekujazia, usome kila mstari kabla hajabonyeza kutuma. Kosa la namba ya mtihani ni lako, siyo lake.

*Nimekosa mkopo, ndiyo mwisho?* Hapana. Bodi hufungua dirisha la rufaa. Hapo unapeleka uthibitisho uliokosekana mwanzo, siyo malalamiko. Kama huna karatasi mpya, rufaa haina cha kubadilisha.

*Nimepata mkopo kidogo, ada inabaki.* Zungumza na chuo kulipa kwa awamu, kwa maandishi, kabla muhula haujaanza. Na bumu likiingia, kumbuka ni la kula na kulala, siyo la simu mpya.

*Naweza kuomba mkopo na ufadhili kwa pamoja?* Kuomba, ndiyo, na ni busara. Lakini ukipata ufadhili unaolipa kila kitu, toa taarifa. Kulipiwa mara mbili gharama ileile ni kosa.

*Mtoto wangu yuko kidato cha pili, nisubiri?* Wewe ndiye tunayekutaka hasa. Una miaka minne ya kurekebisha jina, kutafuta cheti cha kifo, na kumpata mwalimu atakayemkumbuka. Bahasha haigharimu hata Sh 1,000.

Huyo binti wa Nachingwea, kwa zile siku sita, tulimshauri aende wilayani siku hiyo hiyo na vyeti vyote viwili, asipoteze muda kuja studio. Alipanda gari la alfajiri. Wewe una siku nyingi kuliko yeye. Ukimaliza kusoma hapa, nyanyuka, toa vyeti vya watoto kwenye sanduku, uvisome majina kwa sauti.